Maswali ya Wasomaji: Cheki Injini, Masega na Sensa za Moshi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu taa moja, ile ya rangi ya njano yenye umbo la injini ambayo mafundi na madereva wote huiita cheki injini. Wenye barua hizo wana magari ya hadhi, na karibu wote walikuwa wamekwisha kutoa fedha mfukoni kabla ya kushika kalamu. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kugusa maana yake. Sensa zinazozungumziwa ni zile zinazokaa kwenye ekzosi na kuupima moshi wa injini, pamoja na jamaa zake wa karibu.

*Ndugu Fundi, nina Toyota Crown ya mwaka 2008, injini ya V6 ya lita 2.5. Mwezi uliopita cheki injini iliwaka na gari likaanza kutetemeka kwenye foleni. Gereji ya karibu walipima kwa mashine, zikatoka namba P0171 na P0174, nikaambiwa sensa za oksijeni zimekufa. Nilinunua moja, taa ikazimika siku tatu kisha ikarudi. Nikanunua ya pili, hali ni ile ile. Je, nimeuziwa sensa bandia? — Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, inawezekana uliuziwa bandia, maana zimejaa madukani, lakini hata ungeuziwa halisi taa ingerudi. Namba P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli katika upande wa kwanza wa injini una hewa nyingi mno na petroli kidogo, na P0174 inasema neno hilo hilo kuhusu upande wa pili. Iliyoleta habari hiyo ni sensa yenyewe, na isingeweza kuileta kama ingekuwa imekufa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Wewe umekwisha kuwaua wawili.

Injini ya petroli, katika mwendo wa kawaida, hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kompyuta ya injini haina jicho ndani ya silinda, kwa hiyo huonja moshi unapotoka na kupima kama petroli iliyomwagwa ilitosha, ilizidi au ilipungua. Kifaa hiki cha kuonjea kilitengenezwa na Bosch ya Ujerumani na kikaingia barabarani mwaka 1976 ndani ya magari ya Volvo yaliyokwenda Marekani. Moyo wake ni kauri ya zirkonia, ambayo ikipata joto la zaidi ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi huzalisha umeme kidogo kulingana na tofauti ya oksijeni kati ya moshi na hewa ya nje. Moshi wenye petroli nyingi huipandisha hadi karibu volti 0.9, na wenye hewa nyingi huishusha hadi karibu volti 0.1.

Crown yako ina sensa nne za aina hiyo, kwa sababu V6 ina pande mbili, na kila upande una moja kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, na moja baada yake. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Zile mbili za mbele si sawa na mbili za nyuma. Za nyuma ni za kawaida, zinazotaja tu kama moshi una petroli nyingi au hewa nyingi; za mbele hupima pia ni kwa kiasi gani, na Toyota huziita sensa za uwiano wa hewa na mafuta. Zote zina waya nne na zikiwekwa mezani zinafanana kama mapacha, lakini ukifunga ya kawaida mahali pa ile ya mbele, kompyuta itasoma upuuzi mtupu. Muuzaji anayekukabidhi "oksijeni sensa ya Crown" bila kukuuliza ni ya mbele au ya nyuma, hajui anachouza. Skana, yaani mashine za kusomea namba za ubovu, nazo hupotosha: katika modeli kadhaa za Toyota, mashine ya Toyota yenyewe huonyesha karibu volti 3.3 kwa sensa ya mbele iliyo nzima, ilhali skana ndogo ya kawaida huonyesha 0.66 kwa hali ile ile, na fundi asiyejua hilo huamua kwamba sensa imeganda.

Sasa tuitazame habari iliyoletwa. Pande zote mbili zinalalamikia jambo moja kwa wakati mmoja. Sensa mbili kufa siku moja ni nadra sana, lakini kasoro moja inayozihusu pande zote mbili ni jambo la kila siku gereji. Kwa hiyo utafute kinachotumiwa na pande zote, yaani njia ya hewa, sensa ya hewa inayokaa baada ya filta, na presha ya petroli.

Uanze na bomba la mpira linalotoka kwenye kasha la filta kuelekea injini. Usilitazame juu juu. Lishike kwa mikono miwili, ulikunjue pale penye mikunjo kama ya kinanda, umulike tochi chini ya kila mkunjo, kwa sababu ufa hukaa upande usioonekana na hufunguka pale tu injini inapoyumba kwenye mapachiko yake. Hewa inayoingilia hapo haikupimwa, na kompyuta haiijui; inachoona ni moshi wenye oksijeni isiyotarajiwa. Mipira midogo ya vakyumu nayo huchanika hivyo hivyo, na injini ikiwa inanguruma bila mwendo utasikia mluzi mwembamba ukisogeza sikio karibu, huku ukijihadhari na feni na mikanda.

Kama huoni ufa, mwambie fundi akufungulie kwenye skana ukurasa wa marekebisho ya petroli ya muda mrefu. Hilo ni daftari la kompyuta lenyewe, linaloandika kwa asilimia ni kiasi gani imelazimika kuongeza au kupunguza petroli. Likiwa ndani ya 10, juu au chini ya sifuri, hakuna la kuhangaisha. Lisome kwanza gari likiwa kwenye sailensa, yaani likinguruma bila mwendo na bila kukanyagwa mafuta, kisha likiwa kwenye mizunguko 2,500 hivi. Kama kwenye sailensa linaonyesha 20 na juu linashuka hadi 3 au 4, una tundu la hewa, maana hewa inayopenya kwenye ufa ni nyingi ukiilinganisha na ile kidogo inayovutwa kwenye sailensa, lakini injini ikivuta hewa nyingi mchango wa ufa huo huwa haba. Kama mambo ni kinyume, kwenye sailensa liko sawa na ukikanyaga mafuta linapanda, mtuhumu sensa ya hewa iliyoshika vumbi au pampu ya petroli iliyochoka. Sensa ya hewa hupima kwa uzi wa joto ulio mwembamba sana. Vumbi la barabara zetu, na oili ya zile filta za kuoshwa ambazo vijana hupenda kufunga, huufunika uzi huo ukawa kama mtu aliyevaa koti mchana wa Januari. Huoshwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, ikaachwa ikauke yenyewe. Usiiguse kwa kidole, wala brashi, wala upepo wa kompresa.

Ukishaziba tundu au kusafisha sensa ya hewa, zirudishie zile sensa zako za kwanza kama bado unazo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nzima.

*Bwana Fundi, nina Mercedes-Benz E-Class ya petroli ya mwaka 2011. Imetoa namba P0420. Fundi mmoja amenishauri tuyatoe masega kwa kuwa "yameziba", kisha sensa ya nyuma afungiwe kijibomba kitakachoizuia taa isiwake tena. Anasema hata gari litapata nguvu, na hatanitoza kazi hiyo. Nifanyeje? — Msomaji, Nyali, Mombasa*

Bwana msomaji, neno lililonistua katika barua yako ni hilo la mwisho, kwamba hatakutoza. Nitalirudia.

Masega yameitwa hivyo kwa sababu ukiyapasua utaona vitundu vingi vidogo kama vya sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa platini, paladi na rodi, madini yanayougeuza moshi wenye sumu kuwa hewa isiyodhuru sana, pamoja na oksidi ya seriamu ambayo kazi yake ni kuweka akiba ya oksijeni. Moshi ukija na hewa nyingi, akiba inajazwa. Ukija na petroli nyingi, akiba inatumika. Ndiyo maana mbele ya masega kiwango cha oksijeni hupanda na kushuka bila kukoma, lakini nyuma yake sensa hutulia, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7 hivi. Masega yakichoka, akiba inakwisha, na sensa ya nyuma inaanza kuchezacheza. Kompyuta ikiliona hilo kwa muda wa kutosha, huandika P0420, maana yake masega ya upande wa kwanza hayafanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Kwa hiyo kubadilisha sensa ya nyuma, jambo ambalo wengine hulikimbilia, ni kufukuza shahidi mahakamani.

Hata hivyo, shahidi anaweza kudanganywa. Ekzosi yenye tundu dogo karibu na sensa ya nyuma huvuta hewa ya nje ndani kila moshi unapopwita, na hewa hiyo huifanya sensa ione oksijeni isiyotoka kwenye masega. Ukague viungo vyote gari likiwa limepoa. Mahali panapovuja huacha alama nyeusi ya masizi, kama ukuta wa jiko la kuni. Mwaka juzi niliwahi kuletewa gari ambalo masega yake yalikuwa yameng'olewa kwenye gereji nyingine kwa sababu hiyo hiyo ya kuziba. Bahati nzuri mwenyewe alikataa kuliacha kasha, alilitia kwenye buti. Tulilishika kuelekea juani, tukamulika upande mmoja, na mwanga ukatoka upande wa pili kupitia kila kitundu. Vitundu vilivyo wazi havithibitishi kwamba madini bado yana nguvu, ila vinatosha kulikanusha neno "yameziba". Kilichokuwa kibovu katika gari lile ni gasketi ya kiungo cha ekzosi.

Kama imethibitika kweli kwamba masega yako yamekufa, uliza yaliuawa na nini, kwa sababu hayafi kwa uzee tu. Muuaji mkubwa ni silinda isiyowaka sawasawa, hali ambayo madereva huieleza kwa kusema gari linamisi. Petroli isiyoungua huingia kwenye masega na kuungulia humo, joto likapanda hadi kauri ikayeyuka. Ndiyo sababu cheki injini inayopepesa, tofauti na inayowaka kwa utulivu, ni amri ya kupunguza mwendo mara moja na kusimama mahali salama. Inayowaka kwa utulivu inaweza kusubiri hadi ufike kwa fundi. Muuaji wa pili ni injini inayokula oili, kwa kuwa fosforasi iliyomo kwenye oili huyafunika yale madini. Zamani kulikuwa na wa tatu, risasi iliyotiwa kwenye petroli, lakini huyo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana naye mwanzoni mwa 2006.

Kijibomba unachoahidiwa kinaisogeza tu sensa nje ya mkondo wa moshi ili isione vizuri. Taa inaweza kuzimika, na siku injini itakapokuwa na ugonjwa wa kweli wa masega au wa mchanganyiko hutaambiwa. Kuhusu nguvu, masega yaliyoziba kweli hupunguza nguvu, na fundi anaweza kulithibitisha kwa kufunga geji ya presha mahali pa sensa ya mbele. Masega yasiyoziba ukiyatoa utapata kelele na harufu, na moshi wenye sumu mbele ya lango lako.

Sasa nirudi kwenye ile kazi ya bure. Platini, paladi na rodi ni madini ya thamani, na kuna wanunuzi wanaozunguka gereji kwa gereji wakitafuta makasha ya zamani, hasa ya magari ya Ulaya. Simtuhumu fundi wako, simjui. Mwambie tu kwamba kasha likitoka utaondoka nalo, kisha usikilize kama kazi itaendelea kuwa ya bure.

*Je, sensa ya oksijeni iliyochafuka inaweza kuoshwa kwa petroli au kuchomwa moto ili irudi kuwa mpya? — Msomaji, Mwanakwerekwe, Zanzibar*

Hapana. Masizi meusi huungua yenyewe injini ikirekebishwa na kukimbia vizuri, na uchafu mwingine hautoki kwa petroli wala kwa moto. Ila kabla ya kuitupa isome rangi yake: nyeusi kama mkaa ni petroli nyingi, kahawia yenye mafuta ni injini inayokula oili, nyeupe kama chokaa ni maji ya rejeta yanayovuja ndani ya injini, au mvuke wa ile gundi ya silikoni ambayo mafundi huipaka kila mahali badala ya gasketi. Silikoni isiyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa huweza kuua sensa mpya katika muda mfupi tu baada ya injini kufunguliwa, na mwenye gari akabaki kushangaa.

Kwa kuwa umegusia matengenezo, nitaje na ufungaji. Sensa nyingi huhitaji spana ya 22 yenye mwanya wa kupitishia waya. Ing'oe sensa wakati injini ina uvuguvugu, baada ya kunyunyizia dawa ya kulainisha kutu na kuiacha inyonye; ukilazimisha chuma kilichopoa kabisa utatoka na sensa pamoja na meno ya ekzosi. Sensa mpya mara nyingi huja ikiwa imepakwa dawa ya kuzuia kung'ang'ania kwenye meno, na kama haikupakwa, ipakwe kwenye meno peke yake, isifike kwenye ncha yenye vitundu. Usitie grisi kwenye plagi ya waya: sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake, na ukiiziba pumzi hiyo itaanza kutoa takwimu za uongo. Ikidondoka kwenye sakafu ya saruji, hesabu kwamba kauri yake imepasuka.

*Fundi wetu, naishi Leicester, Uingereza, na mwakani narudi nyumbani Tanga moja kwa moja. Nina BMW X5 ya dizeli ya mwaka 2018 ambayo nimeitunza vizuri. Jamaa zangu wananiambia nisije nayo, eti sensa zake zitakufa kwa sababu ya mafuta ya huku, na itagoma kuwaka. Ni kweli au ni maneno ya mtaani? — Msomaji wa Leicester*

Ndugu yangu, yana ukweli ndani yake, ila si kwa namna wanavyosimulia.

Dizeli ya Euro 6, yaani ya kiwango cha moshi cha Ulaya, kama yako husafisha moshi kwa hatua mbili kubwa. Kwanza kuna chujio la masizi, ambalo hukusanya chembe nyeusi na baada ya muda huzichoma zenyewe kwa joto la karibu nyuzi 600. Kisha kuna AdBlue, maji yenye urea asilimia 32.5, yanayonyunyiziwa kwenye moshi ili kuvunja oksidi za nitrojeni, gesi ambazo Euro 6 inaziruhusu dizeli hadi miligramu 80 tu kwa kilomita. Kila hatua ina walinzi wake. Sensa ya presha hulinganisha moshi kabla na baada ya chujio ili kujua limejaa kiasi gani. Sensa za joto hukaa sehemu kadhaa za bomba. Na sensa mbili za oksidi za nitrojeni hukaa moja kabla na moja baada ya AdBlue, kulinganisha kilichoingia na kilichobaki. Gari lako lilitengenezwa baada ya Septemba 2015, wakati EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilipofichua kwamba Volkswagen ilitia kwenye magari ya dizeli programu ya kujisafisha wakati wa kipimo tu, na baada ya fedheha ile Ulaya ilianza kuyapima magari mapya barabarani pia, si maabara peke yake.

Kuhusu mafuta, dizeli ya Ulaya hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 za salfa katika milioni, na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2015, iliwekewa kikomo cha 50. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini 50 si sumu ya kuua gari kwa wiki moja. Salfa hiyo huchosha sehemu za kusafishia moshi polepole. Kinachoua kwa haraka ni dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, na ingawa Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, mimi bado nakushauri ununue kwenye kituo chenye foleni ya mabasi na malori, udai risiti, na ukwepe vidumu vya kando ya barabara hata kama tangi limebaki na tone.

AdBlue ndiyo itakayokusumbua zaidi, kwa sababu ya joto. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 25 inadumu kama miezi 18, kwenye nyuzi 30 kama mwaka mmoja, na kwenye nyuzi 35 hupungua hadi miezi 6 hivi. Dumu lililokaa juani mbele ya duka la Tanga limekwisha kufa ingawa muhuri wake haujafunguliwa. Tazama tarehe ya kutengenezwa na namba ya kiwango, ISO 22241. Na tafadhali, mtu asikudanganye kwamba unaweza kukoroga mbolea ya urea kwenye maji ya bomba. Mbolea ina viambato, na maji yana chumvi, vinavyoua masega ya AdBlue na kuziba noseli yake. Ukiona unga mweupe kama chumvi ya mawe umeganda kuzunguka kifuniko cha tangi, uoshe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kukifungua, usiporomoke ndani.

Hadithi ya gari kugoma kuwaka ni ya kweli, na ni sheria ya Ulaya. AdBlue ikikaribia kwisha, gari huanza kuonya zikiwa zimebaki walau kilomita 2,400, na onyo la kuhesabu kurudi nyuma linaweza kuja pia kama sensa ya oksidi za nitrojeni imeharibika. Hesabu ikifika sifuri gari halizimiki njiani, lakini ukilizima halitawaka tena. Sensa hiyo ni ghali, na kisanduku chake cha umeme kimeunganishwa nayo kwa waya usiotenganishwa, hivyo hununuliwa vyote pamoja. Ndani yake kauri hupashwa moto hadi karibu nyuzi 800, na tone moja la maji likiigusa katika joto hilo huweza kuipasua. Kwa hiyo usiruhusu mtu apulize maji ya presha kwenye ekzosi ya moto, jambo ambalo vijana wa kuosha magari hulifanya kwa nia njema kabisa.

Linabaki chujio la masizi. Linahitaji safari ndefu ili lijichome, walau dakika 20 au 30 za mwendo usiokatika, na linahitaji oili yenye majivu kidogo. Kwa gari lako utafute iliyoandikwa Longlife-04 au ile itakayotajwa kwenye kitabu chake, wala usipokee "oili ya dizeli" kwa jina hilo tu. Majivu ya oili hayaungui, hubaki ndani ya chujio milele. Kama kazi yako itakuwa ya kwenda Segera na Dar es Salaam kila wiki, njoo na gari lako, beba na sensa moja ya akiba ya oksidi za nitrojeni pamoja na skana yenye uwezo wa kuamuru chujio lijichome. Kama safari zako zitakuwa za kutoka Raskazone hadi sokoni na kurudi, liuze huko huko Leicester ununue la petroli. Kulikata chujio na kufuta AdBlue kwenye kompyuta, kama utakavyoshauriwa, sikuungi mkono. Huko uliko lingeanguka ukaguzi wa MOT tangu 2014 kwa kukosa chujio, na huku, hata pasipo na mkaguzi, watakaouvuta moshi huo ni wanao walioketi kiti cha nyuma kwenye foleni.

*Nataka kununua Range Rover Sport ya petroli iliyotumika Uingereza, iko yadi. Cheki injini haiwaki. Nitajuaje kwamba haikufutwa asubuhi ile? — Msomaji, Dodoma*

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini ni lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Kama haiwaki kabisa, kuna aliyeifunika au kuifuta.

Kisha uchomeke skana kwenye plagi yenye matundu 16 iliyo chini ya usukani. Magari ya petroli ya soko la Ulaya yamelazimishwa kuwa na mfumo huo tangu 2001. Usitafute namba za ubovu peke yake, maana hizo hufutika kwa kubonyeza mara moja. Tafuta ukurasa unaoonyesha vipimo ambavyo kompyuta imekwisha kujifanyia yenyewe, vya masega, vya sensa za oksijeni, vya hita za sensa na vya mvuke wa petroli. Kumbukumbu ikifutwa, vipimo hivyo vyote hurudi kuwa "havijakamilika", na huchukua siku kadhaa za mwendo wa kawaida kukamilika tena. Kimoja ambacho hakijakamilika si ajabu. Vikiwa vyote, betri ilitolewa au kumbukumbu ilifutwa karibuni, na muuzaji atakwambia ni betri; sikatai, magari huletwa kwa meli na betri hufa njiani.

Kwa kuwa gari limetoka Uingereza, omba namba yake ya usajili ya huko, kwa sababu historia ya ukaguzi wa MOT husomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao. Tangu tarehe 20 Mei 2018 gari lenye cheki injini iliyowaka huanguka ukaguzi, kwa hiyo utaona kama liliwahi kuangushwa kwa taa hiyo au kwa moshi, na lilikuwa na maili ngapi siku hiyo.

Halafu kuna takwimu ndogo ambayo wauzaji wengi hawajui kwamba ipo. Kompyuta huhesabu kilomita zilizokwenda tangu kumbukumbu ya ubovu ifutwe, na skana nyingi, hata zile ndogo zinazounganishwa na simu, huionyesha. Gari lililotulia litakuwa na mamia au maelfu. Ukikuta 9, muulize muuzaji alifuta nini kilomita 9 zilizopita, kisha unyamaze na umsikilize.